Watoto Wanane wa Amana

Siku chache zilizopita mzee mmoja wa kanisa alinijia nyumbani. Ana binti aliyemaliza chuo cha ualimu, naye binti huyo ataka kwenda ng'ambo kwa miezi miwili au mitatu, kutumika katika kambi ya Kikristo ya watoto wakati wa hari. Mzee akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulikwenda huko zamani. Je, ni kazi ya Mungu kweli, au ni matembezi tu ya vijana?" Nalimjibu kwa maneno machache, lakini alipokwisha kwenda zake naliona ya kuwa jibu langu halikutosha. Basi nimeona yafaa niandike habari hii, ili wazazi na walimu wengine wapate kuisoma pamoja naye.

Kwanza tujue kambi hizi zilianzaje. Katika nchi za kaskazini shule hufungwa muda mrefu wakati wa hari, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti. Watoto wa mashamba wana mahali pa kuchezea, lakini watoto wa miji mikubwa hukaa kati ya kuta, na wazazi wao wako kazini mchana kutwa. Watu wenye kumcha Mungu waliona haja hiyo zamani. Mwaka 1868 Mwingereza mmoja, jina lake Josiah Spiers, alikuwa pwani ya Llandudno katika nchi ya Wales. Aliandika mchangani maneno ya kuwaambia watoto kwamba Mungu ni upendo, akawaalika wayapambe, na walipokwisha akawasimulia hadithi. Mwaka 1876 mchungaji wa mji wa Zürich katika Uswisi, Hermann Walter Bion, aliwachukua watoto 68 wa maskini akawapeleka milimani Appenzell, wapate hewa safi na chakula cha kuwatia nguvu. Mwaka uliofuata mchungaji Willard Parsons, katika kijiji cha Sherman huko Pennsylvania, aliwasihi Wakristo wake wawapokee nyumbani mwao watoto maskini wa New York. Na mwaka 1885 Sumner Dudley, wa Chama cha Vijana wa Kikristo, alikwenda na wavulana saba kukaa hemani kando ya ziwa katika jimbo la New York. Kambi ile yenye jina lake ipo hata leo.

Angalieni, ndugu zangu: katika hao wote hapana aliyeanza kwa kujenga jumba kubwa. Walianza kwa kuwaona watoto wa watu wengine, na kukubali kuwatunza kwa siku chache.

Mimi nalikwenda Marekani nalipokuwa kijana wa miaka 24, tayari nimefundisha miaka miwili. Sheria ya nchi ile kwa wageni wa kazi hiyo ilitaka mtu awe ametimiza miaka 18, ajue Kiingereza vema, wala asikae zaidi ya miezi minne. Kambi yetu ilikuwa kando ya ziwa, upande wa kaskazini-mashariki, katikati ya msitu wa misonobari. Nalipewa wavulana wanane wenye miaka tisa na kumi, kulala nao katika nyumba moja ya mbao, pamoja na kijana mwenzangu wa huko. Hesabu hiyo ya wanane haikutolewa ovyo. Chama cha kambi za Marekani kimeweka kipimo: kwa watoto wa miaka tisa hata 14 wanaolala kambini, kiongozi mmoja awe na watoto wanane, wala wasizidi; na kwa watoto wa miaka sita hata minane, wawe sita tu.

Nalifika na Biblia yangu, na daftari yenye mafundisho 14 naliyoyaandika kwa uangalifu kabla ya kuondoka kwetu. Nalidhani wiki ya kwanza, watoto kabla hawajaja, tutafundishwa kuhubiri. Kumbe siku tatu nzima twalifundishwa habari za kupe, na karanga, na majani ya msituni!

Msimcheke mtu wa mbali kwa hofu zake mpaka mjue sababu. Kupe wa misitu ile huweza kuwa mdogo kuliko mbegu ya ufuta, naye huleta ugonjwa wa viungo na neva. Kwa hiyo kila jioni mtoto hukaguliwa miguuni, shingoni na nyuma ya masikio. Kuna mmea wenye majani matatu matatu, uwashao kama upupu wetu, na vipele vyake hukaa wiki mbili. Na karanga, ambazo kwetu mtoto akisikia njaa twampa konzi moja akaenda zake akicheza, huko huweza kumwua mtoto ambaye damu yake haizipatani. Mmoja wa wanane wangu alikuwa hivyo. Sindano yake ya dawa nalikuwa nayo mfukoni kila niendapo, hata kanisani, nami nalijifunza kumchoma pajani pasipo kutetemeka. Namshukuru Mungu haikuwa lazima.

Jua nalo lilinishangaza. Mwezi wa Julai huzama kule yapata saa mbili na nusu usiku, na watoto, wakiona mwanga dirishani, hawataki kusikia habari za kulala. Tena waliniita kwa jina langu tupu, bila "mwalimu" wala "kaka". Nakiri ya kuwa moyo wangu ulichukizwa. Mkubwa wa kambi, mama wa makamo ambaye mimi nalimwita Mama, naye akafurahi mno kwa neno hilo, alinieleza kwamba kwao jina tupu si dharau. Akasema, "Utajua kwamba wanakuheshimu usiku, mmoja wao atakapoogopa, nawe ndiwe atakayekuita."

Neno hilo lilitimia usiku wa pili. Mtoto mmoja aliamka akilia, akaniita. Twaliketi kizingitini penye taa, mahali ambapo kijana mwenzangu aliweza kutuona. Maana ilikuwa sheria kwamba kiongozi asikae na mtoto mmoja faraghani. Mtoto akaniambia, "Niahidi kesho utampigia mama simu aje anichukue." Nalitamani kuahidi, ili anyamaze tu. Lakini twalikuwa tumefundishwa tusifanye hivyo. Madaktari wa watoto wa Marekani waliandika mwaka 2007 wakiwaonya hata wazazi wasimwahidi mtoto kwamba akihuzunika watakuja kumchukua. Kwa sababu ahadi hiyo humfanya aingoje huzuni, na kuamini ya kuwa hana nguvu ya kuishinda. Basi nikamwambia kweli, "Mimi nami niko mbali na mama yangu." Akaniuliza, "Mbali kama nini?" Nikamweleza: ndege mbili, kisha basi mchana kutwa, kisha kupanda mlima kwa miguu. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mama yako ni mbali kuliko mama yangu." Twaliwaombea mama zetu wawili, kila mtu kwa lugha yake, naye akarudi kulala. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeniuliza kila asubuhi kama nimelala vema.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mzee wangu, kwa kuwa naona haya hata leo.

Siku ya nne, yapata saa nane mchana, watoto walikuwa ziwani. Desturi ya kuogelea ilikuwa hivi. Kando ya maji palisimama ubao wenye misumari, na kila mtoto alikuwa na kibao chake chenye jina, upande mmoja mweupe, upande wa pili mwekundu. Aingiapo majini hukigeuza, wekundu uonekane, atokapo hukirudisha. Tena hapana aingiaye peke yake: kila mtoto ana mwenziwe, wala wasiachane. Kila baada ya dakika kumi filimbi hulia, wote hunyamaza, kila wawili hushikana mikono na kuiinua juu, nasi huhesabu vichwa na kuvilinganisha na vibao.

Filimbi ikalia. Vibao vyekundu vilikuwa 32. Vichwa vilikuwa 31. Na mmoja wa watoto wangu alisimama peke yake majini, mkono juu, hauna mkono wa kuushika. "Mwenzako yuko wapi?" Akasema, "Sijui. Alikuwa hapa."

Filimbi ikalia mara tatu, na watoto wote wakatoka. Viongozi twalishikana mikono, tukafanya safu, tukaingia majini, tukitia mguu mbele kwa kupapasa chini, na wale wajuao kupiga mbizi wakaenda kilindini. Maji yalinifika kifuani. Sijapata kuomba maombi kama yale maisha yangu yote: naliomba mguu wangu usiguse kitu.

Baada ya dakika sita mtu alikuja mbio kutoka nyumba zetu, akipunga mkono. Mtoto alikuwa kitandani mwake, amejifunika taulo, akitetemeka kwa baridi, wala hajui kwa nini watu wanalia. Akasema, "Nilimwambia kiongozi wangu kwamba nasikia baridi, akanikubalia kwa kichwa."

Ilikuwa kweli. Nalikuwa nimesimama kando ya maji, daftari mkononi, nikijisomea somo la jioni. Mtoto alikuja akasema neno, nami nikatikisa kichwa bila kuinua macho. Sikumsikia, wala sikukitazama kibao chake, wala sikumwuliza habari za mwenziwe.

Jioni mkubwa wa kambi aliniita. Nalingoja anirudishe kwetu. Aliniuliza tu, "Somo lako la leo lilikuwa nini?" Nikamwambia: mchungaji na kondoo aliyepotea. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mama wa mtoto huyu hakunijua mimi, wala hakukujua wewe. Alimshusha katika gari, akambusu, akaenda. Kabla ya kumfundisha lo lote, mrudishe mzima." Akanipa kazi ya kusimama penye ule ubao siku zote zilizobaki. Ndipo nalipoelewa neno letu la Kiswahili ambalo nalilisema tangu utoto nisijue uzito wake: amana. Mtu awekewaye amana hana ruhusa ya kuisahau hata dakika sita, hata kama anasoma Injili.

Labda wengine watasema, "Huyu mwalimu ni mwoga, na mambo yalikwisha salama." Basi nawakumbushe habari iliyosikika dunia nzima mwaka 2025. Katika Texas, kando ya mto Guadalupe, kulikuwa na kambi ya Kikristo ya wasichana iitwayo Camp Mystic, iliyoanzishwa mwaka 1926. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai mvua kubwa ilinyesha. Wakubwa wa jimbo walitangaza kwamba mto ulipanda yapata mita 8 kwa muda wa dakika 45. Watoto 25 wa kambi hiyo na viongozi wao wawili walikufa. Na mkubwa wa kambi naye alikufa akijaribu kuwaokoa wasichana. Baadaye wazazi waliuliza kwa machozi kwa nini nyumba za watoto wadogo zilijengwa mahali ambapo mafuriko hufika. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule jimbo likaweka sheria kwamba watoto wasilazwe mahali pa mafuriko, na kila kambi iwe na mpango wa kuwaokoa.

Usiku ule walikuwapo viongozi wawili, wasichana wa miaka 19 waliotoka Mexico, wageni katika nchi ile kama mimi nalivyokuwa. Walikuwa na watoto yapata 20 mikononi mwao. Giza lilikuwa kuu, wala hawakujua mambo yatakwishaje. Wakaandika jina la kila mtoto juu ya ngozi yake, ili likitokea lo lote ajulikane ni wa nani. Kisha wakawachezesha michezo, ili hofu isiwashinde. Watoto wao waliokoka. Mimi nasomapo habari ya majina yale huona ya kwamba wasichana hao walikuwa wameielewa kazi yao kuliko mimi na daftari yangu ya mafundisho 14.

Iko hatari nyingine, nayo yaumiza kuitaja, lakini kuificha ni vibaya zaidi. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtu mmoja aliyeheshimiwa sana katika kambi za Kikristo za wavulana huko Uingereza aliwapiga vijana kwa ukatili, akisema ni njia ya utakatifu. Mwaka 1982 baadhi ya wakubwa waliandikiwa habari yake, nao wakainyamazia. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, na huko Afrika akafanya tena kambi za wavulana, akawatesa tena. Mwezi wa Novemba 2024 taarifa ya uchunguzi ilitolewa hadharani, na Askofu Mkuu wa Canterbury akatangaza kujiuzulu siku chache baadaye, akikubali ya kuwa hakufanya ya kutosha baada ya kuarifiwa mwaka 2013. Basi tusiseme, "Mtu huyu aomba vizuri, hana haja ya kuangaliwa." Sheria ile ya kuketi kizingitini penye taa haikuwekwa kwa kunidharau mimi. Iliwekwa kwa ajili ya mtoto, na kwa ajili yangu pia.

Sasa nitoe shauri langu kwa wazazi. Kijana wako akitaka kwenda, usimzuie kwa hofu, wala usimpeleke kwa sifa. Kwanza uliza ni nani amwitaye, na kama wenye kambi hiyo hutaka barua za wamjuao na kuuliza kama amewahi kumdhuru mtoto; kambi isiyouliza neno lo lote, jihadhari nayo. Uliza ni watoto wangapi atakaopewa, na siku ngapi za kufundishwa kabla hawajafika. Uliza habari za ruhusa ya kuingia nchini penye ofisi yenyewe, maana sheria hizo hubadilika mara kwa mara; wala usimpe fedha mtu aahidiye njia ya mkato. Kisha mtazame kijana wako nyumbani. Je, huamka usiku mdogo wake akilia? Je, huhesabu watoto wanaporudi mtoni? Asiyefanya hayo jikoni kwenu hatayafanya ng'ambo.

Na kwenu, walimu wenzangu: msidhani habari hii ni ya Marekani tu. Nasi hupeleka watoto wa Shule ya Jumapili katika mikutano ya Pasaka, na waimbaji katika vijiji vya mbali, mara nyingi garini wamejaa, na orodha ya majina haipo. Nalirudi kwetu nikafanya ubao wa misumari kwa mbao za sanduku. Hatuna ziwa, lakini tuna mto, na barabara kuu, na wageni wengi. Kila tusafiripo mtoto hugeuza kibao chake, kila mtoto ana mwenziwe, na hapana motakaa liondokalo kabla hesabu haijatimia. Hapo kwanza wazee walicheka. Sasa wao ndio huniuliza, "Mwalimu, vibao vimetimia?"

Siku ya mwisho ya kambi wazazi walikuja. Nalisimama na karatasi ya majina manane, na kila mtoto alipochukuliwa naliweka alama penye jina lake. Yule wa usiku wa pili alimleta mama yake, akamwambia, "Huyu mama yake ni mbali kuliko wewe." Yule wa ziwani alikuwa wa mwisho. Nalimweleza mama yake yote yaliyotokea, pasipo kuficha, maana mkubwa wa kambi alikuwa amekwisha kumwandikia, nami naliona ni haki asikie kwa kinywa changu. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akamvuta mtoto kwake, akaniambia asante, wakaenda.

Mafundisho yangu 14 naliyatoa yote, nami naamini Mungu hakuyaacha yapotee. Lakini nikiulizwa nilitumika nini kule ng'ambo, hujibu hivi: naliwekewa amana watoto wanane, nikawarudisha wanane. Mzee wangu, kama binti yako aweza kuifurahia kazi ya namna hiyo, basi ni kazi ya Mungu kweli. Mbariki, umwache aende.